Mtoto Akitanguliza Makalio: Nani Aamue?

Wazee wa Kiswahili wameacha methali mbili zinazogombana. Ya kwanza yasema: Haraka haraka haina baraka. Ya pili yajibu: Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu akizisikia zote mbili siku moja atauliza: basi, ishikwe ipi? Kuna usiku ambapo uhai wa watu wawili hutegemea jibu la swali hilo. Ni usiku ule mama anapojifungua, na mtoto anatanguliza makalio badala ya kichwa.

Na uwekwe mfano. Katika kijiji kimoja cha milimani, mbali na barabara kuu iendayo Butembo, mama mwenye mimba ya tatu ameshikwa na uchungu tangu jua kutua. Amepelekwa kwenye kituo cha afya cha kijiji. Mwuguzi amempima, wala hakugusa mfupa mgumu wa kichwa; amegusa kitu laini, makalio ya mtoto. Nje mvua inanyesha. Hospitali iko mbali: kwanza machela mabegani mwa vijana mpaka barabarani, kisha pikipiki katika tope.

Mume asema: "Twende hospitali, wampasue upesi." Mama mkwe akataa: "Mimi nilimzaa mmoja hivyo hivyo, na yu hai. Kisu ni desturi ya Wazungu. Wakimpasua mara moja watampasua daima." Shangazi asimama mlangoni akinong'ona kwamba mtoto hakai vibaya bure, labda mama ameficha neno, na aungame kwanza. Mwuguzi amenyamaza, kwa maana macho yote yanamtazama yeye. Na mama mwenyewe hajaulizwa na mtu.

Je, katika nyumba hiyo ni nani aliyesema kweli? Ni nani mwenye haki ya kuamua? Na akiamua, kisha mtoto akafa, je, ametenda dhambi?

SI ADHABU

Neno la shangazi na lijibiwe kwanza, kwa maana ndilo baya kuliko yote. Mahali pengi mama mwenye uzazi mgumu husukumwa ataje majina ya wanaume, kana kwamba tumbo lake ni baraza la hukumu. Lakini mtoto aliyekaa kitako si shahidi wa uzinzi. Mimba ikifika wiki 28, karibu robo ya watoto wote wamekaa hivyo. Wengi hugeuka wenyewe, na siku za kuzaliwa zikitimia hubaki 3 au 4 tu katika kila 100. Ndivyo ilivyo Ulaya na ndivyo ilivyo Kivu, kwa mke wa tajiri na kwa mke wa mkulima wa muhogo. Pengine sababu ni mimba ya mapacha, au mtoto kuja kabla ya wakati, au umbo la mji wa mimba. Mara nyingi sababu haionekani kabisa.

Katika Injili ya Yohane wanafunzi walimwuliza Bwana Yezu juu ya mtu aliyezaliwa kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana alikataa yote mawili. Basi anayemlazimisha mama aungame katika uchungu anafanya makosa matatu. Anamsingizia mwenzake, anampunguzia nguvu anazozihitaji, tena anapoteza saa ambayo ingaliweza kuokoa. Maungamo ni sakramenti, nayo hupokewa kwa hiari mbele ya padri. Hayanyang'anywi mlangoni na jamaa.

NJIA MBILI, HATARI MBILI

Mume na mama mkwe, kila mmoja ameshika nusu ya ukweli.

Mtoto akitanguliza kichwa, sehemu iliyo kubwa na ngumu kuliko zote hupita kwanza, nayo hupata saa nyingi za kujibana taratibu. Akitanguliza makalio, kichwa huja mwisho. Mwili mwembamba waweza kupita kabla mlango wa uzazi haujafunguka kabisa, kichwa kikakwama nyuma, na kamba ya kitovu ikabanwa. Hapo zinahesabiwa dakika, si saa. Miguu ikitangulia, hatari huzidi, kwa sababu hubaki nafasi ya kamba kuteremka mbele ya mtoto.

Tena kuna hatari ya mikono ya watu. Mkunga asiyefundishwa akiona mguu huuvuta, akidhani anasaidia. Mtoto akivutwa, mikono yake hupanda kando ya kichwa, kidevu chake huinuka, na njia iliyokuwa nyembamba huwa nyembamba zaidi. Mkunga aliyefundishwa hujizuia. Huacha uchungu wa mama umsukume mtoto, huangalia mgongo wake uelekee upande wa tumbo la mama, na huingiza msaada wake tu inapohitajika, kwa mabega na kwa kichwa. Kungoja hivyo huku mikono ikiwa tayari ni kazi ngumu kuliko kuvuta. Basi mama mkwe hakusema uongo: watoto wengi wamezaliwa hivyo na wakaishi. Lakini hakusema habari za wale waliokufa.

Kisu nacho kina hatari zake. Kuna damu, kuna dawa ya usingizi, kuna usaha wa kidonda. Zaidi ya hayo kuna kovu. Kwa Wanande majina hufuata mpango wa kuzaliwa: mvulana wa kwanza huitwa Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Majina hayo yaonyesha kwamba nyumba inangojea wengine. Mama aliyepasuliwa leo kwa ajili ya Kambale atabeba mimba ya Kasereka juu ya kovu. Kovu hilo laweza kupasuka wakati wa uchungu. Si jambo la mara nyingi. Hutokea kwa chini ya mmoja katika mama 100. Lakini likitokea kijijini, mbali na chumba cha upasuaji, laweza kuwaua wawili pamoja. Kwa hiyo mama mkwe alikosea aliposema "daima", kwa kuwa wengi waliopasuliwa mara moja huzaa baadaye kwa njia ya kawaida. Lakini hawana budi kuzalia hospitali. Anayechagua kisu leo achague pia safari ya kesho.

Wala si kweli kwamba kisu ni cha Wazungu tu. Mwaka 1879, mahali paitwapo Kahura katika Bunyoro, ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, mganga msafiri Robert Felkin aliona wenyeji wakimpasua mama ili mtoto atoke. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, na jeraha lilifungwa kwa sindano za chuma na nyuzi za gome la mti. Felkin aliandika habari hiyo katika gazeti la waganga la Edinburgh mwaka 1884, akashuhudia kwamba siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona. Kanisa nalo humheshimu Mtakatifu Raymond, mwombezi wa mama wazazi, ambaye masimulizi ya kale husema alitolewa katika tumbo la mama yake aliyekwisha kufa. Kisu hakina kabila. Swali ni kama kinahitajika, na kama anayekishika anajua kazi yake.

WATAALAMU WALIONA NINI?

Mwaka 2000 yalitangazwa majibu ya uchunguzi mkubwa. Mama zaidi ya 2,000 wa nchi 26, ambao watoto wao walikaa kitako, waligawanywa kwa kura katika mafungu mawili: fungu moja lilipangiwa upasuaji, jingine njia ya kawaida. Watoto waliokufa au kuumia vibaya walikuwa karibu 16 katika 1,000 katika fungu la upasuaji, na 50 katika 1,000 katika fungu la pili. Hospitali nyingi za dunia ziliposikia hivyo ziliacha kabisa njia ya kawaida.

Lakini habari haikuishia hapo. Katika nchi zile ambako watoto wachanga wengi hufa, tofauti ya mafungu hayo mawili ilikuwa ndogo zaidi. Tena mwaka 2004 ilitangazwa kwamba baadhi ya watoto wale walitazamwa walipofika miaka miwili, wala haikuonekana tofauti katika vifo au katika kukua kwa akili na viungo. Na mwaka 2006 hospitali za Ufaransa na Ubelgiji zilionyesha kwamba, mama wakichaguliwa kwa uangalifu na wasaidizi wakiwa mafundi, njia ya kawaida haikuwa na hatari kubwa kupita upasuaji uliopangwa.

Mkatekumeni ajifunze nini hapa? Kwamba hakuna amri moja iliyoandikwa kwa kila tumbo. Kisu chaweza kuokoa, na subira yaweza kuokoa; lakini vyote viwili vyahitaji ufundi, macho yanayoangalia, na wakati.

UAMUZI MWEMA HUFANYWA MCHANA

Busara ni ya kwanza katika fadhila nne kuu. Kazi yake si kuogopa, bali kuona mbele. Kwa hiyo kosa la nyumba ile ya mfano halikuanza usiku wa mvua. Lilianza miezi iliyotangulia.

Mama akienda kupimwa mimba, mkono uliozoea waweza kutambua mwezi wa nane au wa tisa kwamba kichwa kiko juu. Tangu wiki ya 36 au 37, mganga aliyejifunza aweza kujaribu kumgeuza mtoto kwa mikono yake juu ya tumbo, taratibu, naye hufaulu karibu nusu ya mara. Kazi hiyo hufanywa hospitali, ambako msaada uko karibu; haifanywi kijijini kwa kukandamiza tumbo, wala haifanywi kwa mwenye mapacha au anayetokwa damu. Mtoto asipogeuka, mama aweza kuhamia kwa jamaa aliye karibu na hospitali kabla ya uchungu kuanza: Katwa, Kitatumba au Matanda katika Butembo, Musienene, Kyondo, Beni, Oicha, kulingana na kijiji chake.

Ni kweli kwamba njia si nyepesi. Tangu mwaka 2014 mauaji yamewafanya watu wengi wa upande wa Beni waogope barabara, hasa usiku. Na wakati wa ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, wengi waliogopa hata mlango wa kituo cha afya. Hofu hiyo haikuwa upuuzi. Lakini kadiri njia ilivyo ngumu usiku, ndivyo wajibu wa kuifikiri mchana ulivyo mkubwa. Mume aliye na faranga za sherehe, lakini hana hata moja aliyoiweka kwa safari ya mkewe, asiseme kwamba alishtukizwa. Kuna dhambi za kutenda, na kuna dhambi za kutotenda.

NANI AAMUE?

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwili utakaochanwa au kusukuma ni wa mama, na kovu litakuwa lake. Mwaka 1952 Baba Mtakatifu Pio XII aliwafundisha waganga kwamba mganga hana juu ya mgonjwa mamlaka nyingine ila ile aliyopewa na mgonjwa mwenyewe. Ikiwa mganga hana, shangazi na mama mkwe hawana pia. Mume ni mwenzi, na neno lake ni zito. Lakini uzito huo ni wa kumtegemeza mkewe, si wa kumfunga mdomo.

Wengine wote wana wajibu wao. Wazee walete kumbukumbu zao, za waliopona na za waliokufa. Mwuguzi alete ukweli, nao ukweli wake wa kwanza ni juu ya mikono yake mwenyewe. Kama hajawahi kumpokea mtoto wa namna hiyo, aseme: "Sijawahi." Akinyamaza kwa kuogopa aibu, amevunja amri ya nane, naye aweza kuvunja ya tano kabla hakujapambazuka. Vivyo hivyo mganga anayekimbilia kisu kwa sababu malipo yake ni makubwa kuliko malipo ya kungoja: huyo amevunja amri ya saba juu ya mwili wa mama.

Mara nyingine jamaa huuliza: "Tukilazimika kuchagua, aokolewe nani?" Mwezi wa Oktoba 1951 Pio XII alisema na wakunga wa Italia, na mwezi uliofuata alieleza tena fundisho hilo: Kanisa halikufundisha kamwe kwamba uhai wa mtoto upendelewe kuliko wa mama, wala wa mama kuliko wa mtoto. Wote wawili ni watu, na kila juhudi halali ifanywe kuwaokoa wote wawili. Naye mama anayeomba dawa ya kutuliza maumivu asiambiwe kwamba anakimbia adhabu ya Eva. Tarehe 8 Januari 1956 Papa huyo huyo alifundisha kwamba kutafuta uzazi usio na maumivu hakupingani na sheria ya Mungu.

MAJI YA UBATIZO

Mkatekumeni na ajue jambo hili, hata kama yeye mwenyewe hajabatizwa. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa na padri hayupo, mtu yeyote aweza kumbatiza, akiwa na nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa. Hummiminia maji kichwani akisema: Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimkumbuka hata mtoto aliyetanguliza kiungo kingine: katika hatari alibatizwa kwa sharti juu ya kiungo hicho, kisha akizaliwa hai alibatizwa tena kwa sharti. Sheria ya mwaka 1983 nayo inashika kwamba katika dharura mtu yeyote mwenye nia iliyo sawa aweza kubatiza.

Lakini maji hayo yasiwe kisingizio cha kukunja mikono. Asiyejali mwili wa mtoto kwa kuwa roho yake imekwisha safishwa, huyo hajaelewa ubatizo ni nini.

KAMA MTOTO AKIFA

Basi na kurudiwe kituo kile chenye mvua. Mwuguzi anafungua kinywa. Asema kwamba amewahi kuwapokea watoto wanne wa namna hii, na mmoja wao alikufa. Asema kwamba makalio ndiyo yaliyotangulia, si miguu. Kwamba mtoto haonekani mkubwa. Kwamba mama alizaa wawili wa kwanza bila shida. Kwamba uchungu unakwenda vizuri na mlango wa uzazi u karibu kufunguka wote. "Tukiondoka sasa," asema, "huenda akazaa njiani katika tope. Nadhani ni heri abaki. Lakini vijana watengeneze machela, na uchungu ukisimama, tuondoke mara moja. Mama, wewe wasemaje?" Mama ajibu kwamba atabaki. Mume amshika mkono. Mama mkwe ateka maji. Shangazi atumwa kuwaita vijana.

Ingekuwa mimba ya kwanza, au miguu imetangulia, au uchungu ndio kwanza umeanza, au mwuguzi hajawahi, ukweli ule ule ungeamuru kinyume: machela itoke sasa hivi, mvua au si mvua, na kisu kibarikiwe.

Mfano huu hausemi kama mtoto aliishi. Uamuzi wao ulikuwa mwema tangu pale ukweli wote uliposemwa na mama alipoulizwa, kabla mtu hajajua mwisho wake. Mtoto akizaliwa akilia, wamshukuru Mungu, wala wasijivune. Akifa, wamlilie, lakini mtu asimnyoshee mama kidole, wala mwuguzi. Binadamu huhukumiwa kwa yale aliyoyajua, aliyoyatafuta na aliyoyatenda kwa upendo. Mwisho wa mambo hauko mkononi mwake. Na kinyume chake ni kweli pia: waliodanganya, waliomnyamazisha mama, waliolala miezi yote bila kufikiri, mtoto wao akiishi wamepata rehema tu, hawajapata haki.

Kwa hiyo methali zile mbili hazigombani. Haraka ni ya miguu: kwenda kupimwa mapema, kuandaa safari mapema, kusema ukweli mapema. Kungoja ni kwa mikono: isivute, isikate, isinyoshe kidole, mpaka busara iseme ndiyo. Mkatekumeni anayejiandaa kwa ubatizo wake, naye ni mume, au mama mkwe, au binti atakayekuwa mama, asingoje usiku wa mvua ndipo ajifunze kutofautisha hayo mawili. Aanze leo, kwa swali dogo nyumbani mwake: mama mjamzito wa nyumba hii amepimwa lini, na kichwa cha mtoto kiko wapi?